Mbuke na Flopi Sabini na Moja

Mwaka 1999, pale Shinyanga mjini, kompyuta ambazo mtu wa kawaida angeweza kuingia dukani na kuomba afanyiwe kazi yake zilikuwa za kuhesabu. Moja ilikuwa mbele ya Mbuke Ngassa, katika duka la Herman karibu na stendi ya mabasi. Juu ya mlango palichorwa kwa rangi ya bluu: Uchapaji, Fotokopi, Vifaa vya Ofisi. Kompyuta ilikuwa mali ya Herman, lakini mwenyewe alikuwa anaiogopa. Ikitoa mlio asiouelewa, alitoka nje na kujifanya anaangalia mawingu.

Mbuke hakuiogopa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mama wa binti mmoja, na wateja wengi walimwita Mama Blessing tu. Alizaliwa kijiji kimoja karibu na Segese, akasoma mpaka kidato cha nne, kisha akapata kazi kwenye chama cha ushirika wa pamba. Hawakumpa taipu kwanza. Walimweka masjala, chumba chenye mafaili kutoka sakafuni mpaka darini, na kwa miaka minne kazi yake ilikuwa moja: mtu akiomba barua, barua ipatikane. Alipokabidhiwa chumba kile, mafaili yalikuwa yamerundikwa kama magunia. Alipohamishiwa kwenye taipu, hata mhasibu mkuu, mtu asiyeona vizuri, aliweza kuingia mle na kutoka na faili alilolitaka.

Chama kilipopunguza wafanyakazi mwaka 1995, jina la Mbuke lilikuwamo kwenye orodha. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa Herman kuomba kazi ya kupiga taipu, akaipata. Miaka miwili baadaye Herman aliteremsha kompyuta kutoka kwenye basi la Dar es Salaam, ikiwa imefungwa kwa blanketi.

"Unaijua hii?" Herman alimuuliza.

"Siijui. Lakini na wewe huijui."

Herman alicheka, akamsogezea kiti. Tangu siku hiyo Mbuke aliisoma ile mashine kama alivyoisoma masjala. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, naye alikipitia ukurasa kwa ukurasa na kamusi pembeni. Alijifunza kuchapa barua, kupanga kadi za harusi, na skana ilipokuja akajifunza hata ile programu ya kurekebisha picha ambayo Herman aliiona ni ya kuchezea watoto.

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Agosti, asubuhi, mama mmoja wa Kihindi aliingia dukani akiwa na mfuko wa kitambaa begani. Alikuwa Madhuben, mke wa mzee Girish, wenye duka la vitambaa sokoni. Mji mzima uliwajua. Kabla ya kuhamia Shinyanga walikuwa na duka Runzewe kwa miaka mingi, na Madhuben alizungumza Kisukuma kilichowafanya wauza maziwa wageuke kumtazama mara mbili.

"Mwangaluka, Mama Blessing."

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea shida."

Nyuma yake alisimama mwanaume wa makamo mwenye ndevu za wiki mbili na kofia ya jua. Huyo alikuwa Sunil, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akiishi Leicester, Uingereza, kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa amekuja likizo na mkewe Varsha na ndugu wengine, na kesho yake baada ya harusi ya binamu yao pale mjini, familia nzima ya watu kumi na mmoja ilikuwa imesafiri kwa magari mawili siku kumi na sita.

Madhuben alimimina mfuko juu ya meza. Zilianguka flopi, nyeusi na za rangi rangi, moja baada ya nyingine, mpaka meza ikajaa.

"Sabini na moja," alisema Sunil. "Kamera yangu haitumii mkanda. Inatumia hizi. Unachomeka flopi, unapiga picha kumi na tano au kumi na saba, ikijaa unachomeka nyingine."

Mbuke alishika flopi moja, akaigeuza. Haikuwa na maandishi. Akashika ya pili. Nayo tupu.

"Hukuandika kitu?"

"Siku ya kwanza niliandika. Baadaye tulichoka." Sunil alijikuna ndevu. "Na betri ya saa ya kamera ilikufa. Kwa hiyo picha zote zinasema zimepigwa siku moja, tarehe moja Januari. Tena kila flopi inaanza kuhesabu upya. Picha ya kwanza ya kila flopi inaitwa sifuri sifuri moja. Nilijaribu kuzihamishia kwenye kompyuta yangu ndogo, ikaniuliza kama niweke mpya mahali pa ya zamani, nikasema ndiyo. Simba wote wakamezwa na picha za kivuko."

"Lakini kwenye flopi bado wapo?"

"Kwenye flopi wapo. Ila kompyuta imejaa fujo."

Madhuben aliketi kwenye benchi, akaeleza alichokuwa anakitaka. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja yeye na mzee Girish walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Watu mia mbili wangekuja kwenye ukumbi wa jumuiya yao. Alitaka wageni waione ile safari kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mpangilio, kana kwamba wamo garini. Wengi wa wageni hao walikuwa wazee waliofanya biashara huko huko, Geita, Runzewe na Kahama, na wasingekubali kudanganywa.

"Nyumbani sasa hivi hakuna anayekubaliana na mwenzake," alisema. "Mzee anasema tulifika Rwamgasa kabla ya Serengeti. Sunil anasema baada. Wajukuu ndio hawajui hata walikuwa wapi."

Sunil aligeuka kwa mama yake, akazungumza Kigujarati kwa sauti ya chini. Kisha, labda kwa kuona aibu, akarudia kwa Kiswahili. "Nasema tu kwamba Leicester kuna watu ambao hii ndiyo kazi yao. Dada huyu ni mpiga chapa."

"Leicester ni mbali na tarehe ishirini na moja," alisema Madhuben.

Herman alimvuta Mbuke kwenye kona ya mashine ya fotokopi. "Tukiharibu picha za wale wazee," alinong'ona, "nitafunga duka hili nirudi kulima."

Mbuke alizitazama zile flopi zilivyolala mezani ovyo. Alikuwa hajaona rundo kama lile tangu masjala.

"Tuachie, mama," alimwambia Madhuben. "Jumatano jioni njoo uangalie."

Siku ya kwanza hakufungua picha hata moja. Alichukua kalamu ya wino usiofutika, akaandika namba kwenye kila flopi, kuanzia moja mpaka sabini na moja, bila kujali ipi ilitangulia. Halafu ndani ya kompyuta akatengeneza majalada sabini na moja yenye namba hizo hizo, na kila flopi akaimiminia kwenye jalada lake. Simba hawakumezana tena na kivuko. Herman, aliyekuwa anachungulia kwa mbali, alimuuliza kwa nini anapoteza siku nzima kuandika namba.

"Kwa sababu ndani ya flopi moja picha zimejipanga zenyewe," alisema Mbuke. "Ya kwanza ni ya kwanza, ya pili ni ya pili. Kamera ilifanya kazi hiyo. Mimi sina picha elfu moja za kupanga, nina mafungu sabini na moja."

Herman alifikiri kidogo. "Ndiyo maana walikuweka masjala," alisema, akaenda kufungua soda mbili.

Ijumaa alianza kutazama. Picha zilikuwa elfu moja mia moja ishirini na sita. Flopi moja, namba arobaini na nne, ilikataa kabisa kufunguka, akaiweka pembeni. Nyingine zote zilikuwamo: nyumbu na vumbi, pundamilia, kivuko cha kuvukia kwenda upande wa Geita, wachimbaji wamejaa matope mpaka kwenye nyusi, marundo ya pamba kando ya barabara, mzee Girish kwenye kiti cha mbele akiwa amelala mdomo wazi. Picha nyingi zingeweza kuwa za siku yoyote. Barabara ya vumbi ni barabara ya vumbi, na chakula kwenye mahoteli kilifanana.

Mbuke alitafuta kitu kinachobadilika. Ndevu za Sunil zilisaidia kidogo, kwa kuwa alikuwa ameapa kutonyoa likizoni, lakini Sunil ndiye aliyekuwa anashika kamera, hivyo hakuonekana mara nyingi. Kioo cha gari la kwanza kilipata ufa, na hiyo ikamgawia safari sehemu mbili, kabla ya ufa na baada ya ufa. Hapo akakwama. Jumamosi mpaka saa sita mchana alikuwa bado anasogeza mafungu yale yale mbele na nyuma.

Kisha akaona mkono.

Ilikuwa picha ya Varsha, mke wa Sunil, akimega chapati. Kwenye kiganja na mgongo wa mkono palikuwa na maua ya hina, mekundu yaliyoiva, yamepanda mpaka karibu na kiwiko. Mbuke alifungua picha nyingine ambayo Varsha alikuwa ameshika chupa ya maji. Hina ile ile, lakini sasa rangi ya chungwa, na kwenye ncha za vidole ilikuwa imekwisha. Alifungua ya tatu, Varsha akipunga mkono dirishani. Pamebaki kivuli tu.

Mbuke alisimama akapiga kofi moja kubwa. Mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi ya cheti alishtuka.

"Harusi!" alisema Mbuke. "Alipaka hina kwa ajili ya harusi, na kesho yake wakaondoka. Mkono wa Varsha ndiyo kalenda!"

Varsha alikuwa mtu wa kupenda picha, na tena mtu anayeongea kwa mikono. Karibu kila fungu lilikuwa na mkono wake mahali fulani, ukionyesha twiga, ukigawa karanga, ukimfunika mama mkwe kitenge. Mbuke alikata kila mkono kwenye programu yake, akaipanga yote kwenye skrini kutoka ile iliyoiva mpaka ile iliyofifia. Pale ambapo hina mbili zilifanana aliangalia ufa wa kioo, na pale ufa haukuonekana aliangalia ndevu. Jumatatu mchana mafungu yalikuwa yamekaa kwenye mstari mmoja, na safari ikaanza kujieleza yenyewe: Shinyanga, Serengeti, Mwanza, kivuko, Geita, Rwamgasa. Sunil ndiye aliyekuwa sahihi, na baba yake alikuwa amekosea.

Ila baada ya Rwamgasa kulikuwa na shimo. Picha ya mwisho ya Rwamgasa ilikuwa ya asubuhi, Varsha ana hina ya rangi ya chungwa iliyopauka. Iliyofuata ilikuwa ya kesho yake, wako Kahama, hina imebaki kivuli. Hakukuwa na Runzewe. Mahali ambapo wazee wale walifungua duka lao la kwanza, wakazaa watoto wao wote, hapakuwa na hata picha moja.

Mbuke aliitazama flopi namba arobaini na nne iliyokaa pembeni ya kibodi. Akajua kilichomo.

Aliichomeka tena. Kompyuta ikakoroma, ikasema diski haisomeki. Akaifuta kwa kitambaa, akajaribu. Akaenda nayo mpaka ofisi ya shirika moja la dini lililokuwa na kompyuta, akaomba kwa unyenyekevu, wakamruhusu. Ilikataa. Njiani kurudi alipita kwenye duka la vitambaa. Mzee Girish alikuwa ameketi nyuma ya meza ya kukatia, na Sunil alikuwa anapima kitenge kwa mteja kwa furaha ya mtu asiyelazimika kuifanya kazi hiyo kila siku.

"Kaka Sunil, flopi moja haifunguki. Nadhani ni ya Runzewe."

Uso wa Sunil ulibadilika. Alimtazama baba yake, kisha akamsogeza Mbuke mbali kidogo.

"Usimwambie Mama. Alilia pale Runzewe, unajua? Duka lao la zamani bado limesimama. Walimwingiza ndani, mwenye nyumba akamwachia aguse kuta. Zile ndizo picha pekee anazoziulizia." Akainua mabega. "Nilijua. Vitu hivi haviaminiki."

"Kamera iko wapi?"

"Nyumbani. Kwa nini?"

Mbuke alikuwa amekumbuka kinanda cha kaseti cha baba yake. Kaseti iliyorekodiwa humo ilisikika vizuri humo tu. Ukiipeleka kwa jirani inakoroma. "Kamera ndiyo iliyoiandika," alisema. "Labda kamera inaweza kuisoma."

Sunil alitoka mbio bila hata kumaliza kumpimia mteja kitenge chake. Alirudi na kamera kubwa kama tofali. Waliweka flopi namba arobaini na nne juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakaichomeka. Kamera ililia kama mdudu kwenye chupa. Kioo chake kidogo kikawa cheusi, kikabaki cheusi, halafu kikawaka.

Alikuwepo Madhuben, mbele ya mlango wa mbao wenye rangi ya kijani, mkono mmoja kwenye fremu.

"Yumo," alisema Sunil. "Mama yumo!"

Mzee Girish aliuliza kwa sauti kubwa kuna nini, na Sunil akamgeuzia kile kioo. Sunil alijua kwamba kamera ile inaweza kunakili flopi moja kwenda nyingine, jambo ambalo hakuwahi kulihitaji. Walinakili mara tatu, kwenye flopi tatu mpya, na zote tatu zilisomeka kwenye kompyuta ya Herman. Picha kumi na tano za Runzewe zikaingia kwenye shimo, zikalitosha sawasawa. Sasa jumla ilikuwa elfu moja mia moja arobaini na moja.

Kuanzia hapo Sunil alikuja dukani kila siku, akaketi pembeni ya Mbuke kwenye stuli, na ugomvi ukaanza upya, safari hii wa kuchagua. Kuzunguka kuta za ukumbi zingeenea picha mia moja na ishirini tu. Sunil alikuwa amepiga simba picha tisini na nne.

"Chagua wanne," alisema Mbuke.

"Wanne! Yule wa kwanza peke yake nilimsubiri saa mbili."

"Saa mbili zako hazionekani kwenye picha. Anaonekana simba amelala. Huyu wa pili naye amelala. Wageni wako ni watu wa Shinyanga, kaka, wanajua ng'ombe akilala anafananaje."

Sunil alicheka mpaka akavua kofia. Walikubaliana watano.

Mbuke alichagua wachimbaji wa Rwamgasa wakigawana muhogo kando ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Alichagua pamba, tairi lililopasuka, wajukuu wakisukuma gari kwenye mchanga. Picha zenye giza aliziongeza mwanga, zilizoinama akazinyoosha. Zile zilizokuwa nzuri lakini ndogo alijaribu kuzikuza, akaona zinageuka vijisanduku kama mkeka, akazirudisha saizi ya postikadi. Kwenye picha ya duka la Runzewe, Sunil alimwomba afute bango la pombe lililopigiliwa juu ya mlango, kwa maana duka sasa lilikuwa kilabu.

"Hilo nitamuuliza mwenyewe," alisema Mbuke.

Madhuben alikuja Jumatano jioni kama walivyopatana. Aliitazama ile picha muda mrefu, miwani puani.

"Liache," alisema. "Pale ndipo palivyo. Watu wanakunywa kwenye sebule yangu, na wanafurahi. Kwa nini nifute furaha ya watu?"

Baada ya hapo akataja jambo moja lililomsikitisha. Kulikuwa na picha ya familia yote, watu kumi na mmoja, iliyopigwa na mlinzi wa hoteli Mwanza. Mlinzi alipiga mara tano. Katika picha nne mzee Girish alikuwa amefumba macho, au amegeuka kumfokea mjukuu. Katika ya tano alikuwa ametulia, anatabasamu kabisa, lakini Varsha alikuwa amepiga chafya.

"Hakuna hata moja tuliyo sawa wote," alisema Madhuben. "Basi, Mungu hakupenda."

Alipoondoka Mbuke alizifungua zote tano. Alikuwa hajawahi kufanya kile alichokiwaza. Alhamisi nzima alikikata kichwa cha mzee Girish kutoka picha ya tano, akakisafirisha kwenye ya pili, kikakaa juu ya shingo kama kofia ya kuazima. Akafuta. Akakata tena, safari hii na kola ya shati na kivuli cha kidevu. Akalainisha kingo, nukta moja moja, akiwa amekaribia skrini mpaka pua inagusa. Ilipofika saa kumi na moja Mbuke alirudisha picha kwenye saizi yake, akajisukuma nyuma na kiti.

Wote kumi na mmoja walikuwa wanamtazama. Hakuna aliyefumba macho.

Ijumaa printa ilifanya kazi tangu asubuhi. Wino wa njano ulipoisha, kondakta mmoja wa basi alileta mwingine kutoka Mwanza ndani ya bahasha, naye akapewa heshima ya kuona picha kabla ya watu wote. Mbuke na Herman walizibandika picha kwenye karatasi za manila, kila moja na maneno mawili matatu chini: mahali, na siku ya safari. Madhuben alisema zisipigiliwe ukutani, ukuta wa ukumbi ulikuwa umepakwa rangi juzi. Alileta kamba na vibanio vya nguo, na Jumamosi asubuhi safari nzima ikaanikwa kuzunguka ukumbi, ikianzia kushoto kwa mlango na kuishia kulia kwake.

Mbuke alivaa kitenge chake kipya. Alifikiri angesimama nyuma, karibu na vinywaji, lakini Madhuben alimshika mkono akamweka penye picha ya kwanza. Wageni walianza kuingia, wanawake wenye sari za hariri, wazee wa Kisukuma waliovaa makoti ya sherehe, wafanyabiashara Waislamu kutoka Kahama na wake zao. Mwanzoni walipita haraka kwa heshima, kama watu wanavyopita kwenye picha za wengine. Penye kivuko mwendo ukapungua. Penye Geita wakaanza kuonyeshana kwa vidole. Walipofika Runzewe msafara wote ulisimama.

Mzee mmoja aitwaye Taufiq, aliyewahi kununua ngozi upande ule, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mlango huu niliupaka rangi mimi," alisema. "Kijani hiki! Girish alitaka bluu, bluu ilikuwa imekwisha."

"Nilitaka bluu!" alijibu mzee Girish kutoka upande wa pili wa ukumbi, na watu wakaangua kicheko. Alijongea, akipenya katikati ya watu kwa fimbo yake, akazisoma picha moja moja mpaka akafika Rwamgasa. Alirudi nyuma kuhakikisha. Serengeti, Mwanza, kivuko, Geita, Rwamgasa.

"Nilikosea," alisema. Madhuben aliweka mkono kifuani.

"Mmesikia wote?" aliuliza kwa sauti. "Miaka hamsini nimesubiri neno hilo."

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko na makofi. Lakini kishindo kikubwa kilikuwa kwenye picha ya familia, ambayo Mbuke aliichapa kwenye karatasi nne na kuziunganisha, ikaning'inia peke yake juu ya jukwaa. Madhuben aliifikia mwisho. Alizihesabu sura, midomo ikicheza. Akamtazama mumewe kwenye picha, aliyekuwa anatabasamu kama kijana, kisha akamgeukia Mbuke.

"Hii haikuwepo."

"Haikuwepo, mama. Nimechukua uso wa mzee kwenye picha ya tano. Tabasamu ni lake mwenyewe, mimi nimelihamisha tu."

Madhuben alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mimi nimehangaika naye tangu mwaka arobaini na tisa atabasamu kwenye picha, mwanangu. Wewe umemshinda kwa mausi!"

Sunil alipanda jukwaani na kipaza sauti. Alishukuru wazazi, akashukuru wageni. Halafu akasema kwamba siku tisa zilizopita alimdharau mtu mbele ya mama yake, na angependa kumwomba radhi mbele ya watu wote.

"Nilisema ni mpiga chapa," alisema. "Watu wa Leicester wangeniuliza tarehe. Mama Blessing aliuangalia mkono wa mke wangu." Varsha aliinua mikono yote miwili juu, haina hina hata chembe, na ukumbi ukashangilia. Mbuke alisimama. Hakujua aweke wapi mikono yake mwenyewe. Alimwona Herman, karibu na mlango, anapiga makofi kwa nguvu zote huku akimwambia kila aliyekuwa jirani, "Ni wa kwangu huyo, wa dukani kwangu."

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro, Mbuke alikuta watu wanasubiri kwenye baraza ya duka. Mzee Taufiq alikuwa na sanduku la bati lenye picha za ukoo wake tangu babu zake. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa na bahasha tatu za mahafali. Mwanamke aliyeuza samaki sokoni alikuwa na picha moja tu, iliyochanika katikati. Herman alikuwa amefika mapema kuliko siku zote. Meza ya kompyuta alikuwa ameisogeza mpaka mbele, penye mwanga wa dirisha, na fundi aliyechora yale maandishi ya juu ya mlango tayari alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi ya bluu.

"Niandike nini?" fundi aliuliza kutoka juu. "Bosi anasema nikuulize wewe."

Mbuke aliangalia foleni, akaangalia nafasi iliyobaki chini ya Vifaa vya Ofisi.

"Andika Picha," alisema. "Herufi kubwa."

Akaingia ndani, akawasha kompyuta, na wakati inakoroma ikiamka alimgeukia yule mama wa samaki, akapokea vipande viwili vya picha kwa mikono yote miwili.

"Karibu kiti, dada. Niambie, huyu ni nani?"